Asilimia Sita za Tawi Letu

Ghalani walimwita Kalenda, na hakuna aliyekumbuka nani alilianza jina hilo. Lilimfaa. Ungemkuta popote, hata akitoka chooni na maji yakimtiririka mikononi, ukamtajia dawa yoyote iliyokuwa rafuni, angekuambia itakufa mwezi gani wa mwaka gani. Ndivyo alivyosema, kufa. Kwake dawa haikuwa inaisha muda, ilikuwa inakufa, na kazi ya mtunza ghala ni kuhakikisha hakuna inayomfia mikononi. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili, katika kampuni ile ile ya kuuza dawa kwa jumla, chini ya bati lile lile lililovuja pembe moja kila mvua iliponyesha. Makatoni yenye tarehe za karibu aliyapanga mbele, ya tarehe za mbali nyuma, na ole wake mpakiaji atakayechomoa la nyuma kwa uvivu wa kuinama.

Mshahara wake haukuwa wa kujivunia. Cheo chake kilikuwa kile kile tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi zote. Alichokuwa nacho ni neno lake, na hilo lilijulikana katika kila duka la dawa la mji ule.

Wenye maduka ya dawa ni watu waoga, na wana haki ya kuogopa. Unanunua katoni kumi za dawa ya kikohozi, kisha mwaka huo watu wanakataa kukohoa, utafanyaje? Zamani, Kalenda akiwa bado kijana, mama mmoja mwenye duka alikuwa akisitasita mbele yake, anashika kalamu, anaiweka, anaishika tena. Kalenda akachukua penseli nyekundu aliyokuwa akitia alama makatoni, akachora duara dogo kwenye kona ya ankara yake. Akamwambia kwamba zisipouzika, azirudishe kabla hazijafa na amuulizie yeye. Mama yule alizirudisha kweli, na Kalenda alizipokea kweli, akazipeleka hospitali kubwa zikaisha ndani ya wiki. Tangu hapo duara likawa sheria. Hakuna kitabu cha kampuni kilichoitaja, lakini mwenye duka akiliona duara alitia sahihi, na karani wa dirisha la marejesho akiliona alipokea mzigo. Kwa mwaka mzima Kalenda hakuchora zaidi ya thelathini. Alikuwa bahili wa penseli ile kuliko wa mshahara wake.

Sasa tuseme ukweli kuhusu biashara yenyewe. Watu wanadhani muuza dawa hawezi kulala njaa kwa kuwa ugonjwa haupumziki. Wagonjwa walikuwepo, tena wa kumwaga, ila walikuwa wakiingia dukani na kuomba vidonge vinne mahali daktari alipoandika kumi na viwili. Wauzaji wa jumla walikuwa wanne, wakigombea maduka yale yale. Soko lote lilikua kwa asilimia moja na nusu, labda kwa sababu ya watoto waliozaliwa. Tawi lao lilipata mbili, likapata mbili tena, kisha moja na nukta nane. Kila Januari ripoti ya mwaka ilisomwa, na kila Januari ililia na mazingira magumu, na baada ya hapo watu walirudi kupanga makatoni.

Mwaka ule makao makuu yalichoka kusikia habari za mazingira magumu. Ikaja barua kwamba tawi lolote lisilofikisha asilimia sita kufikia mwisho wa mwaka litaunganishwa na lingine. Kuunganishwa ni neno la watu wenye adabu. Maana yake ni kufungwa, na watu kumi na wanne wa ghala lile kumwaga unga kwa siku moja. Kalenda alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu.

Katikati ya Novemba meneja alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kusafisha miwani kila alipotaka kuomba jambo zito. Siku hiyo aliisafisha mpaka Kalenda akaanza kutokwa jasho. Mwishowe akasema kwamba ghalani kuna makatoni mia tisa ya tarehe za Mei na Juni. Kalenda akamsahihisha kuwa ni mia tisa na kumi na mawili.

"Yakibaki hapa ni hasara," meneja akasema. "Yakitoka kabla ya mwaka kuisha ni mauzo. Ni makatoni yale yale, mzee wangu."

Kalenda akamwambia maduka hayatachukua, hakuna mwenye akili timamu anayejaza duka kwa tarehe za Mei katika soko kama hili. Meneja akasema watachukua wakiona duara. Kalenda akauliza itakuwaje Februari wakianza kurudisha.

"Tutapokea. Ukichora wewe, nimechora mimi."

Na hapa tusimpambe Kalenda kwa sababu tu ni mtu wa watu. Mtu aliyeweza kukutajia siku ya kufa ya kila kidonge mle ghalani alishindwa kuhesabu miezi miwili mbele. Kama makatoni mia tisa ndiyo yaliyoipandisha asilimia mpaka sita, basi yakirudi, asilimia nayo inarudi pale ilipotoka. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kalenda aliiona ikija, akageuza uso upande wa pili. Aliwafikiria wale kumi na watatu, akaifikiria miaka yake mitatu, akaenda kuchonga penseli.

Kwa wiki tano alizunguka na gari la kampuni akichora maduara. Alichora mengi kuliko miaka mitano iliyotangulia ukiyajumlisha. Wenye maduka walimtania kwamba mwaka huu amekuwa mkarimu, au labda anagombea udiwani. Naye akacheka nao. Walitia sahihi, wakamkaribisha chai, wakamuulizia watoto. Tarehe ishirini na tisa Desemba asubuhi, meneja akapiga hesabu yake ya mwisho na kumwambia bado makatoni sitini. Hakukuwa na duka lililobaki ila moja, na Kalenda alikuwa amelipita wiki tano zote bila kusimama.

Lilikuwa duka la shemeji yake, mke wa marehemu mdogo wake. Mdogo wake alikufa akamwachia mwanamke huyu binti mmoja na chumba kimoja cha mbele chenye kabati la vioo, friji dogo na feni ya mezani. Mwanamke akaenda kusomea cheti, akalishika duka mwenyewe, na likasimama. Halikuwa duka la kutajirisha mtu, lakini lilimsomesha binti na kulipa pango. Alikuwa akinunua katoni mbili mbili, akizihesabu kwa kidole. Ilikuwa kiburi kidogo cha Kalenda kwamba shemeji yake hakuwahi kutupa hata chupa moja.

Alipomwambia sitini, shemeji alicheka kwanza.

"Shemeji, sitini nitayaweka wapi? Nilale nayo kitandani?"

Kalenda akamweleza kwamba ni miezi miwili tu, kwamba akauze atakachoweza na kingine kirudi Februari, na kwamba tawi liko katika hali mbaya, na yeye mwenyewe anakalia kuti kavu. Hilo la mwisho hakuwa amelisema hata nyumbani kwa mkewe. Shemeji akaacha kucheka. Akasema fedha aliyonayo ni ya leseni ya duka na pango la nusu mwaka, hana nyingine. Kalenda akamwambia itakuwa imerudi kabla leseni haijadaiwa.

"Una hakika?"

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

Mwanamke akafikiri, akafikiri kwa haki kabisa kama mtu anayepekua miaka yote. "Hujawahi," akasema, na ilikuwa kweli. Kalenda akachora duara, yeye akatia sahihi chini yake. Makatoni yaliyokosa nafasi dukani yalipangwa sebuleni nyuma ya makochi, na mengine chini ya meza ambayo binti alikuwa akifanyia kazi zake za shule.

Ripoti ya mwaka ilisomwa wiki ya tatu ya Januari, katika ukumbi wa juu, kukiwa na soda na biskuti na mkurugenzi aliyetoka makao makuu mwenyewe. Ukutani ilirushwa picha yenye nguzo za rangi. Nguzo za matawi mengine zilikuwa fupifupi, na ya tawi lao ilisimama juu yao zote isipokuwa moja. Asilimia sita nukta moja. Mkurugenzi akasema kwamba katika soko lililolala tawi hili limeamka, na watu wakapiga makofi. Akaongeza kuwa siri ya mafanikio ni uhusiano wa karibu na wateja. Wakapiga tena. Kalenda aliitwa mbele, akapewa cheti chenye fremu na cheo cha mkuu wa ghala, ambacho kilijumuisha usimamizi wa dirisha la marejesho. Wakati wenzake wakimpongeza alikuwa akiitazama ile nguzo ndefu ukutani. Alijua ilikuwa imejengwa kwa kitu gani, na kila tofali lilikuwa wapi saa ile. Sitini yalikuwa nyuma ya makochi ya shemeji yake.

Duka la kwanza lilirudisha mzigo tarehe nne Februari. Karani wa dirisha akaliona duara, akanyoosha mkono kupokea kama alivyozoea, lakini meneja alikuwa amesimama nyuma yake. Mzigo ukaambiwa usubiri. Kalenda akaitwa ofisini na mlango ukafungwa. Safari hii miwani haikusafishwa. Meneja akamsogezea waraka kutoka makao makuu: dawa iliyobakiza chini ya miezi sita haipokelewi, na marejesho yoyote ni kwa makubaliano ya maandishi tu.

"Lakini tulikubaliana," Kalenda akasema.

"Nimesoma mikataba ya wateja wote. Sijaona neno duara."

Kisha, kwa upole ule ule, akamweleza kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mzigo ukirudi, asilimia inarudi nao. Asilimia ikirudi, makao makuu watauliza zile sita zilitoka wapi, na tawi litafungwa kwa aibu badala ya kufungwa kwa heshima. Watu kumi na wanne. Muhuri wa dirisha la marejesho uko kwa mkuu wa ghala, na mkuu wa ghala ni yeye. Kalenda aliondoka mle ndani akijua kwamba kile cheo kilitolewa kwa ajili ya siku hii, na kwamba cheti chenye fremu alishakitundika ukutani.

Akagonga muhuri. IMEKATALIWA, kwa wino wa bluu, juu ya duara jekundu. Mwenye duka wa kwanza alidhani ni utani, akasubiri acheke naye. Wa pili alimtukana mpaka walinzi wakaja. Wa tatu alitazama ankara, akamtazama Kalenda, akaondoka na kuacha mzigo wake nje ya geti, ukanyeshewa. Wapakiaji, wale ambao kazi zao zilikuwa zimeokolewa, walianza kula chakula cha mchana upande mwingine wa ghala.

Shemeji alikuja siku ya Jumatano saa nne asubuhi, na mkokoteni wa kukodi. Alikuwa ameuza makatoni manane, jambo ambalo kwa duka lake lilikuwa la kustahili pongezi. Hamsini na mawili aliyafunga kwa kamba vizuri, akaandika idadi kwa kalamu nzito kwenye kila fungu. Hakupita mlango wa nyuma kama ndugu. Alipanga foleni nyuma ya watu watatu, mkoba kwapani. Kalenda alimwona tangu akiwa getini. Aliutazama mlango wa stoo, akapima hatua za kuufikia, na kwa aibu yote ya ule utu uliobaki ndani yake, akakaa pale pale. Tumpe hilo.

Ilipofika zamu yake alipitisha ankara chini ya kioo na kumsalimu, akamuulizia hali ya mkewe nyumbani. Kalenda akaitikia. Kisha akamwambia, haraka, macho yakiwa mezani, kwamba kuna waraka mpya, haikutegemewa, yeye mwenyewe ameshtuka, mikono yake imefungwa. Nyuma yake meneja alikuwa amekuja kusimama kwenye ngazi.

Shemeji akaweka kidole kwenye kona ya karatasi. "Hili umechora wewe?"

"Mimi."

"Basi gonga, wenzangu wanasubiri."

Akagonga. Mwanamke akaichukua ankara, akaipuliza wino ukauke, akaikunja na kuitia kwenye mkoba. Mwenye mkokoteni alipouliza wanaelekea wapi sasa, alimjibu nyumbani, na wakapatana upya bei ya kurudi.

Mwezi wa Mei ulifika bila kuombwa. Mtu mmoja mwenye pikipiki alipita dukani kwa shemeji akamwambia anajua pa kuzipeleka zile dawa, vijiji vya ndani ndani watu hawasomi tarehe, atampa angalau nusu. Shemeji alimfukuza kwa maneno ambayo majirani waliyarudia wiki nzima. Akaziondoa zote rafuni, akaandika USIUZE juu ya kila katoni, kisha akaenda mwenyewe kwa wakaguzi kutoa taarifa, kama sheria inavyotaka. Sheria inataka pia mwenye dawa zilizokufa alipie kuchomwa kwake. Akalipia. Leseni ikapita siku yake. Mwezi wa saba kabati la vioo lilinunuliwa na muuza simu, na friji likahamia jikoni kwake, tupu.

Hayo yote Kalenda aliyasikia kwa mkewe, aliyeyasema kwa ufupi akiwa anamwekea chakula, kisha akaenda kula chumbani na binti zao. Meneja naye hakuyasikia, kwa maana Juni alihamishiwa makao makuu kwa cheo kikubwa, kutokana na ile ripoti. Akaja meneja mwingine, kijana, aliyekuta lengo la mwaka limepandishwa kuwa asilimia saba juu ya zile sita, na maduka ambayo hayapokei hata simu. Kufikia Septemba tawi lilikuwa limeshuka kwa asilimia tisa. Kalenda alizunguka na gari wiki nzima akarudi na oda moja. Wenye maduka walimpokea kwa heshima, wakamwambia wananunua kwa muuzaji mwingine wa jumla, ambaye hana maneno mengi.

Mwezi wa kumi, Jumapili mchana, alipiga moyo konde akaenda kwa shemeji. Miezi minane alikuwa akipita mbali na mtaa ule. Alipokelewa vizuri, na hilo lilimtia wasiwasi. Binti alimwamkia kama kawaida, akamletea chai, akarudi kwenye vitabu vyake chumba cha pili. Nyuma ya makochi palikuwa wazi na pamefagiwa. Shemeji alimwambia siku hizi anashonea watu nguo, si haba, mkono unaenda kinywani.

Kalenda alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini aliyaona madogo alipotaka kuyatoa. Badala yake akatoa ahadi. Akasema ghalani kuna meza ya kufungasha oda, yule mama aliyekuwa pale ameondoka, na yeye kama mkuu wa ghala atahakikisha shemeji anakaa pale. Mshahara wa kila mwezi, bima na kila kitu. Mwezi ujao tarehe moja. Alivyoendelea kusema ndivyo alivyozidi kuamini, na sauti yake ikapata nguvu. Alikuwa ameshazungumza na meneja mpya habari hiyo, na meneja alimjibu "tutaona". Hilo la tutaona hakulitaja.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwita binti, akamwomba daftari, akachana karatasi ya katikati ili isiharibu nyingine. Akaiweka mbele ya Kalenda pamoja na kalamu.

"Andika, shemeji."

"Niandike nini?"

"Hayo uliyosema. Kazi gani, kuanzia lini. Weka jina lako kamili na sahihi. Nitamwita jirani atie na yake."

Hakukuwa na kejeli wala hasira katika sauti yake. Alisema kama mwenye duka anavyozungumza na msambazaji asiyemfahamu. Hilo ndilo lililomchoma Kalenda. Kama angetukanwa angejua pa kujificha.

Akashika kalamu. Juu kabisa aliandika tarehe, kwa mwandiko wake mzuri wa ghalani. Chini yake akaandika jina lake kamili, yote matatu, ambayo hakuna aliyemwita kwayo kwa miaka. Akaenda mstari wa pili, na kalamu ikagoma. Alimfikiria meneja kijana na lile tutaona lake. Alifikiria tawi lililoshuka asilimia tisa na barua ambayo kila mtu ghalani alijua iko njiani. Chumba cha pili, binti aliacha kusoma kwa sauti.

Shemeji alimpa muda, muda wa kutosha kabisa. Kisha akaivuta karatasi taratibu kutoka chini ya mkono wake, akasoma jina na tarehe, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Hapa hujaandika kitu, shemeji," akasema, akamrudishia.